Sanduku la Darini: Kipi Kibaki, Kipi Kitupwe

Katika klabu yetu ya ndege za mfano, huku Leicestershire, Uingereza, mzee akiacha kurusha kwa sababu ya macho, au akifariki, watu wa nyumbani kwake hushusha sanduku kutoka darini na kulileta uwanjani. Ndani mna rimoti yenye antena ndefu ya kuvuta, risiva iliyofungwa kwa sponji, servo nne au tano, betri zilizovishwa plastiki ya rangi, na chaja yenye waya uliokakamaa. Na swali huwa lilelile: vinafaa bado, au ni vya kutupa?

Masanduku hayo huishia kwangu. Nilijifunza ufundi wa redio katika kibanda cha mjomba wangu Mwembe Tayari, Mombasa, kabla sijahamia huku, na wenzangu klabuni wanajua sipendi kitu kitupwe kabla hakijafunguliwa. Mjomba alikuwa na jibu moja kwa kila mteja aliyeleta redio akisema imezeeka: "Redio haizeeki yote siku moja, bwana. Niachie nione nini kimezeeka." Kwenye ndege maneno hayo yana uzito zaidi. Redio ya sebuleni ikizimika, unakosa taarifa ya habari. Ya ndege ikizimika, kitu cha kilo tatu chenye pangaboi linalozunguka kinaanguka popote kitakapo.

Kwa hiyo kila kifaa ninachokitoa sandukuni nakiuliza swali moja: wewe ukifa angani, ndege bado itaongozeka? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama kifaa kitabaki, kitabadilishwa, au kitapewa kazi nyingine ardhini.

Lugha ya mapigo

Vijiti viwili vya rimoti huzungusha voliamu ndogo, za aina ileile ya kuongezea sauti kwenye redio. Rimoti husoma voliamu hizo na kurusha habari zake hewani. Risiva iliyomo ndani ya ndege huzipokea na kuzigawa kwa servo. Servo ni mota ndogo yenye gia na mkono, na mkono huo ndio unaovuta usukani wa mkia, mabapa ya mabawa au kabureta ya injini.

Risiva huiagiza servo kwa mapigo ya umeme. Pigo la milisekunde 1.5 linauambia mkono ukae katikati. Likipungua kufikia milisekunde 1, mkono unakwenda upande mmoja. Likiongezeka kufikia 2, unakwenda upande wa pili. Mapigo hayo hurudiwa takriban mara 50 kila sekunde. Mpango huu umedumu miongo mingi, na ndiyo maana servo iliyonunuliwa mwaka 1985 huweza kuchomekwa kwenye risiva iliyotoka kiwandani mwezi uliopita, ikatii.

Kilichobadilika ni njia ya hewani. Uingereza ilitenga masafa ya megahezi 35 kwa ndege za mfano peke yake, na megahezi 40 kwa magari na mashua. Wamarekani walitumia megahezi 72 kwa ndege zao. Kila seti ilikaa kwenye chaneli moja iliyowekwa na jozi ya kristali, moja kwenye rimoti na nyingine kwenye risiva. Watu wawili wakiwasha kwenye chaneli moja, ndege iliyo juu ilishuka bila kuuliza ya nani. Ndiyo maana kila uwanja ulikuwa na ubao wa vibanio: hujashika kibanio cha chaneli yako, huwashi rimoti.

Katikati ya miaka ya 2000 zikaingia rimoti za gigahezi 2.4. Spektrum walitoa DX6 mwaka 2005, kwa ndege ndogo. DX7 iliyofuata ikaingia kwenye ndege kubwa, na Futaba nao wakaja na mfumo wao wa FASST. Rimoti za namna hii huoanishwa na risiva zake kwa namba maalumu, hivyo watu wengi huweza kurusha pamoja bila kugombea chaneli. Antena ya risiva, iliyokuwa waya wa karibu mita moja ukining'inia hadi mkiani, ikawa kipande cha sentimita tatu hivi.

Wengi hudhani megahezi 35 imepigwa marufuku. La, Uingereza bado ni halali, na kwa kuwa karibu kila mtu amehama, masafa hayo yametulia mno. Mimi huyaacha kwa sababu nyingine. Kristali zinazidi kuwa adimu, risiva nyingi za zamani hazina ulinzi wa kupunguza injini mawasiliano yakikatika, na uwanjani hakuna anayeangalia ubao wa vibanio tena. Risiva ikifa angani hakuna cha kuokoa, kwa hiyo kwa kipimo changu inabadilishwa.

Betri hufa kabla ya vyote

Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Mtu hununua rimoti na risiva mpya, kisha huichomeka risiva hiyo kwenye betri iliyotoka na sanduku. Betri hizo kwa kawaida ni za nikeli na kadimiamu: seli nne za volti 1.2 kila moja, jumla volti 4.8, kwa upande wa ndege. Seli nane, jumla volti 9.6, kwa upande wa rimoti. Ukizipima kwa mita bila mzigo, huonyesha namba nzuri tu. Ukizipa kazi, volti zinaporomoka.

Risiva za zamani zilivumilia mporomoko huo. Servo zilikuwa nzito kidogo, zikazinduka, na mrushaji hakujua lolote. Risiva ya 2.4 ina kompyuta ndani yake. Nyingi za awali, volti zikishuka chini ya 3.5 hivi, zilizimika na kuanza kuwaka upya, na kuwaka huko kulichukua sekunde kadhaa. Ndege inayokwenda kilomita 100 kwa saa hukata mita 28 kila sekunde. Fanya hesabu mwenyewe.

Tazama pia waya mweusi wa betri. Betri ya kadimiamu ikikaa imekufa kwa miaka, kutu huingia ndani ya waya wa hasi na kutambaa chini ya mpira wake hadi kwenye swichi, wakati mwingine hadi kwenye risiva yenyewe. Chuna mpira kidogo: shaba ikiwa nyeusi au kijani, risasi haitashika hata ukilehemu mchana kutwa. Waya huo haukwanguliwi, unakatwa na kutupwa pamoja na swichi yake. Swichi mpya ni pauni chache, na swichi ya zamani ni mahali ambapo mafuta ya injini na mtikisiko vimefanya kazi kwa miaka bila kuonekana.

Badala ya kadimiamu mimi huweka seli za nikeli-haidridi za aina inayotunza chaji, kama zile za Eneloop zilizoletwa na Sanyo mwaka 2005. Wanaokimbilia betri za lithiamu nawaonya: pakiti ya lithiamu-polima ya seli mbili ikijaa hufika volti 8.4, na servo nyingi za zamani zilitengenezwa kwa volti 4.8 hadi 6. Hapo utaunguza kilichokuwa kizima.

Servo: sikiliza kabla ya kuhukumu

Kijana mmoja, mtoto wa rafiki yangu wa Malindi, alinikuta mezani na vipande vya seti ya marehemu mmoja. "Ami," akasema, "si bora kununua mpya zote?" Nikamwambia, "Rimoti nunua, mwanangu. Servo usinunue bado."

Sandukuni hukosi kukuta servo za Futaba S148, zilizouzwa kwa wingi mno enzi zake. Hizi nazipima kwa kifaa kidogo cha kuendesha servo. Nauzungusha mkono polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukiruka mahali fulani, jino la gia limevunjika. Ukitetemeka katikati, voliamu ya ndani imelika, kwa kuwa katikati ndipo mkono unapokaa maisha yake yote. Ikinguruma bila kuguswa, kuna kitu kinakwama. Servo iliyofaulu hupata kazi kulingana na hatari yake: ya kabureta au ya magurudumu ya kukunja, sawa, ya mkia, hapana. Ndege ambayo kabureta imekwama bado hutua mafuta yakiisha. Ndege ambayo bapa la mkia limekwama haina njia.

Plagi nazo zina hila. Futaba na JR huweka waya wa chanya katikati, kwa hiyo hata ukigeuza plagi huunguzi kitu. Baadhi ya servo za zamani za Sanwa, ambazo Marekani ziliuzwa kwa jina la Airtronics, zina mpangilio mwingine wa nyaya, ingawa plagi yaweza kuingia vizuri tu. Fuata rangi za nyaya na upime kwa mita kabla ya kuchomeka.

Rimoti ina kazi nyingi za ardhini

Rimoti ya zamani huwauma watu kuitupa, na mimi siwalaumu. Vijiti vyake vimetengenezwa vizuri, na vidole vya mwenyewe vimevizoea. Njia ya kwanza ya kuiokoa ni kuitia moduli ya 2.4. Zile zilizo na nafasi ya moduli nyuma huchomekwa tu. Nyingine hulehemiwa nyaya tatu: umeme, hasi na mapigo. Kampuni ya FrSky ya China ilijulikana mapema kwa moduli za namna hii. Rimoti yenye mifumo miwili ya kutuma lazima iwekwe kwenye PPM, yaani mfumo wa mapigo ya kawaida, kwa sababu moduli hizo hazisomi PCM, ule wa tarakimu. Kazi ikiisha, angalia kila upande wa kijiti: Futaba huendesha kabureta kinyume cha wengine, na injini inayonguruma pale unapotaka izime hukata vidole.

Njia ya pili ni simulata. Rimoti nyingi za zamani zina tundu la mafunzo nyuma, lililowekwa ili mwalimu na mwanafunzi waunganishe rimoti zao kwa waya. Tundu hilo hutoa mapigo yaleyale, na kwa waya wa USB unaofaa rimoti huingia kwenye kompyuta. Mtoto hujifunza kurusha sebuleni na kuangusha ndege atakavyo bila gharama, na rimoti ikifa hakuna kinachodondoka isipokuwa picha.

Njia ya tatu ni ya seti chache sana. Ukikuta rimoti yenye kitufe kimoja tu, au seti ya Phil Kraft, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1967 na mtengenezaji wa redio pia, usiifungue. Mtafute mkusanyaji. Ndege ya mapacha Walter na William Good wa Kalamazoo, Michigan, walioanza kuongoza ndege kwa redio mwishoni mwa miaka ya 1930, imehifadhiwa na jumba la makumbusho la Smithsonian. Vitu vya mkumbo huo vina thamani vikiwa jinsi vilivyo.

Na nyumbani je?

Ndugu zetu Kenya na Tanzania huniomba niwatumie masanduku haya. Servo natuma kwa furaha. Walimu wa umeme wanazihitaji, kwa sababu mapigo yale ya milisekunde 1 hadi 2 hutolewa pia na bodi ndogo za Arduino, na kwa servo tatu kuukuu darasa linapata mkono wa roboti unaoshika kalamu. Betri zilizokufa situmi. Kadimiamu ni sumu, na kumpelekea mtu sumu yako ukaiita zawadi si uungwana. Huku zinapelekwa kwenye vituo vya kukusanya betri, na ndiko zibaki. Anayetaka kurusha kabisa, Kenya ina kanuni za vyombo visivyo na rubani za mwaka 2020 chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga; aulize huko kwanza, na kuhusu masafa aulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake.

Basi ukiletewa sanduku la darini, fuata mpangilio huu. Betri, waya wake na swichi, badilisha bila kubembeleza. Risiva na njia ya hewani, badilisha. Servo, pima moja moja na uzipe kazi zinazostahili. Rimoti, itie moduli, ifanye ya simulata, au mpe mkusanyaji. Kisha, kabla ndege haijaruka, fanya kipimo cha umbali: punguza nguvu ya rimoti kama kitabu chake kinavyoelekeza, tembea hatua 30 hivi, mwenzako akiishika ndege na injini ikiwaka, na utazame kama kila bapa linatii. Likisita hata mara moja, rudi mezani. Usichokipima, usikirushe.