Musoma, Bunda na Butiama: Namna Familia, Wenzake Kazini na Wahudumu wa Afya Wanavyoweza Kumsaidia Mvutaji Kuacha Sigara na Asirudi Nyuma

Katika mialo ya uvuvi ya Musoma, usiku usio na mbalamwezi ndio usiku wa kazi. Wavuvi wa dagaa huwasha taa juu ya maji, husubiri samaki wakusanyike kwenye mwanga, kisha huvuta nyavu. Katika saa hizo za kusubiri, baridi ya ziwa na usingizi huwakabili kwa pamoja, na ndipo sigara moja huwashwa na kupitishwa kutoka mkono hadi mkono ndani ya mtumbwi. Mvuvi aliyeamua kuacha kuvuta anaweza kuumaliza mchana mzima bila sigara akiwa nyumbani kwake, lakini akashindwa saa nane ya usiku. Hashindwi kwa kukosa nia. Yumo ndani ya chombo kimoja na watu wanaovuta, na hana pa kwenda.

Hali hiyo inaeleza kwa nini wataalamu wa afya husisitiza kuwa kuacha sigara si jambo la kumwachia mvutaji peke yake. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya asilimia 60 ya watumiaji wa tumbaku duniani wanataka kuacha, lakini katika kila majaribio 100 ya kuacha bila msaada wowote, ni takriban manne tu yanayofanikiwa. Ushauri wa mtaalamu pamoja na dawa zilizothibitishwa huweza kuongeza uwezekano wa kufanikiwa zaidi ya mara mbili.

Hapa nchini, Utafiti wa Kimataifa wa Matumizi ya Tumbaku kwa Watu Wazima uliofanyika mwaka 2018 ulibaini kuwa asilimia 8.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, sawa na watu wapatao milioni 2.6, wanatumia tumbaku. Miongoni mwa wanaume kiwango hicho ni asilimia 14.6 na miongoni mwa wanawake ni asilimia 3.2. Idadi hiyo inajumuisha wanaovuta sigara, misokoto na kiko, na pia wanaotumia ugoro, ambao wazee wengi vijijini huuona kuwa ni jambo dogo lisilostahili kuhesabiwa pamoja na sigara.

Kinachomfunga mvutaji ni nikotini, kemikali iliyomo ndani ya tumbaku. Mtu anapovuta moshi, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache na kuleta hisia ya kutulia. Ubongo ukishazoea hali hiyo, kila nikotini inapopungua mwilini huidai tena. Mvutaji hudhani kuwa sigara inamwondolea mashaka, kumbe sehemu kubwa ya mashaka hayo imeletwa na sigara iliyotangulia. Anapoacha, dalili za kuidai nikotini huanza ndani ya saa chache na huwa kali zaidi katika siku mbili au tatu za mwanzo: hasira za ghafla, kushindwa kutulia, kukosa usingizi, njaa isiyo ya kawaida na huzuni. Kwa watu wengi dalili hizo hupungua kati ya wiki mbili na nne. Hamu yenyewe huja kama wimbi, hupanda kwa dakika chache kisha hushuka, iwe mtu amevuta au hajavuta.

Kwa hiyo, anayeacha anahitaji kuvushwa katika dakika hizo chache, mara nyingi kwa siku, kwa majuma kadhaa. Daktari hawezi kuwapo katika dakika hizo zote. Anayeweza kuwapo ni mke au mume, mwenzake wa mtumbwini, dereva wa bodaboda anayeegesha pembeni yake, au kaka anayelala chumba kimoja naye.

Mazingira ya kazi katika wilaya hizi yanatofautiana, na msaada unapaswa kufuata mazingira hayo. Mjini Bunda, ulio kando ya barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, vijana wa bodaboda na wapiga debe hukaa muda mrefu wakisubiri abiria, na kibanda cha kuuza sigara moja moja hakiko mbali. Sigara inayonunuliwa moja moja ina hila yake: mtu hujihesabu kuwa ameacha kwa sababu hanunui tena pakiti, huku kila anapokosa abiria akinyoosha mkono kibandani. Kijana wa aina hiyo husaidiwa zaidi na makubaliano ya kijiwe kizima kuliko hotuba juu ya saratani. Wenzake wakikubali kutompa sigara hata akiomba, na kuvutia mbali na pale anapokaa, wamemwondolea nusu ya mzigo.

Wilayani Butiama, hasa katika eneo la Buhemba lenye historia ndefu ya uchimbaji wa dhahabu, hatari ni kubwa zaidi. Mchimbaji mdogo huvuta vumbi la mawe yenye silika wakati wa kuchoronga na kusaga, na vumbi hilo huharibu mapafu na kuongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu. Uvutaji wa sigara nao, peke yake, huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu kwa takriban mara mbili au zaidi. Mchimbaji anayevuta amebeba hatari zote mbili katika kifua kimoja. Kwake, kuacha sigara ni sehemu ya usalama kazini sawa na kumwagia mwamba maji ili vumbi lisitimke, na msimamizi wa mwalo wa kusagia mawe anayo nafasi ya kulisema jambo hilo kila asubuhi kazi inapoanza.

Tanzania haianzi mwanzo katika suala la kumsindikiza mtu kwenye tiba. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na kazi iliyofanywa hapa nchini na Dkt. Karel Styblo pamoja na wataalamu wa Kitanzania ilikuwa miongoni mwa misingi ya mkakati ambao baadaye dunia nzima iliufuata: mgonjwa kumeza dawa huku akishuhudiwa na mtu mwingine hadi amalize. Familia nyingi za Mara zinamfahamu msaidizi huyo wa mgonjwa, ambaye kwa kawaida ni ndugu au jirani. Mvutaji anayetaka kuacha anaweza kuchagua msaidizi wake kwa njia hiyohiyo. Awe mtu anayeaminika, anayepatikana kwa simu au kwa miguu, na ikiwezekana awe mtu asiyevuta au aliyekwisha kuacha.

Kazi ya msaidizi huanza kabla ya siku ya kuacha. Wawili hao hupanga tarehe, mara nyingi ndani ya wiki mbili, wasije wakaahirisha hadi nia ikapoa. Huorodhesha nyakati ambazo sigara huwa haikwepeki: baada ya chakula, kwenye kahawa, kwenye pombe, wakati wa kusubiri nyavu. Kila wakati huandaliwa kitu cha kushika nafasi yake, kama vile kunywa maji, kutafuna karanga au muwa, kutembea kidogo, au kumpigia msaidizi simu. Siku ya kuacha ikifika, sigara, kiberiti na kibweta cha majivu huondolewa nyumbani. Kubadili sigara kwa ugoro au shisha hakuhesabiki kuwa ni kuacha, kwa kuwa nikotini ni ileile.

Katika wiki ya kwanza msaidizi huuliza hali kila siku. Kuuliza huku kuna adabu yake. Mtu mzima aliyevuta miaka 20 hasaidiwi kwa kunuswa nguo mlangoni wala kusimangwa mbele ya watoto wake. Akiona aibu atajificha, na akijificha msaada umekwisha. Swali jema ni lile linalompa nafasi ya kusema kweli: leo ilikuwaje, na saa ngapi ilikuwa ngumu. Familia pia ijue mapema kwamba hasira za siku zile za mwanzo zinatokana na mwili kudai nikotini, zitapita, na hazina maana kwamba baba ameichukia nyumba yake.

Nyumba nyingi zina kosa jingine linalopuuzwa. Mtoto hutumwa dukani kumnunulia baba au babu sigara. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia bidhaa hizo mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na mzazi anayemtuma mtoto humweka muuzaji katika kosa na humzoesha mtoto pakiti kabla hajajua kusoma onyo lililoandikwa juu yake. Sheria hiyo pia inaweka mipaka ya uvutaji katika maeneo ya umma. Tanzania iliridhia Mkataba wa WHO wa Kudhibiti Tumbaku mwezi Aprili 2007, na kifungu cha 14 cha mkataba huo kinazitaka nchi wanachama kusaidia watu kuacha.

Kwa wavuvi, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, tayari vina utaratibu wa kukubaliana kanuni za mwalo. Kanuni ya kutovuta ndani ya chombo ingemsaidia anayeacha, na ina sababu nyingine ambayo hata mvutaji sugu hawezi kuibishia: mitumbwi mingi hubeba petroli ya injini. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vina nafasi yake. Anayevuta sigara 10 kwa siku huvuta 3,650 kwa mwaka. Akizidisha idadi hiyo kwa bei ya kibanda cha mtaani kwake atapata jibu lake mwenyewe. Fedha hiyo ikiwekwa kila wiki kwenye sanduku la kikundi mbele ya wenzake, wanachama wote huwa mashahidi bila mtu kulazimika kumhoji.

Taasisi za dini zimefanya kazi hii kwa muda mrefu mkoani humu. Waadventista wa Sabato na Wamenonaiti, ambao wana waumini wengi Mara, hufundisha kujiepusha na tumbaku, na kwa Waislamu mwezi wa Ramadhani humpa mvutaji ushahidi kwamba anaweza kukaa bila sigara tangu alfajiri hadi magharibi. Tatizo huwa jioni na siku ya Idi, na hapo ndipo waumini wenzake wanapohitajika.

Kwa upande wa huduma za afya, mhudumu anaweza kuanza kwa mazungumzo ya dakika tatu tu: kuuliza kama mtu anatumia tumbaku, kumshauri aache, kupima utayari wake, kumsaidia kupanga na kufuatilia. Mpango wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa na wahudumu 137,294 nchini, yaani wawili kwa kila kitongoji na mtaa, jambo linalosogeza mazungumzo hayo hadi mlangoni. Dawa nazo zipo. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2024 unapendekeza tiba mbadala ya nikotini, kama vile bandiko la ngozi na ubani wa kutafuna, pamoja na vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitisini. Upatikanaji wake nje ya hospitali kubwa na maduka makubwa ya dawa bado ni mdogo, na matumizi yake yanahitaji maelekezo ya mtaalamu. Wananchi wa wilaya hizi wanaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu, kupata rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyopo Kwangwa, Musoma, au kupiga simu bila malipo namba 199 ya Wizara ya Afya.

Mwili huanza kujirekebisha mapema. Ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo na shinikizo la damu hushuka, na baada ya saa 12 gesi ya kaboni monoksaidi katika damu hurudi kiwango cha kawaida. Kati ya wiki 2 na 12 mzunguko wa damu na kazi ya mapafu huimarika. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa takriban nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka kufikia karibu nusu.

Wengi huteleza kabla ya kufanikiwa, na wengi hufanikiwa baada ya kujaribu zaidi ya mara moja. Sigara moja iliyovutwa msibani au harusini ni kuteleza. Kununua pakiti kesho yake kwa hoja kwamba "nimekwisha kuharibu" ndiko kurudi nyuma. Msaidizi akipigiwa simu usiku huohuo, jambo hubaki sigara moja. Katika miezi mitatu ya mwanzo ni vema anayeacha apunguze au aepuke pombe, kwa kuwa vilabuni ndiko wengi wanakoanguka, na mvuvi aombe, inapowezekana, kupangwa kwenye chombo cha wasiovuta.

Jambo moja linahitaji uangalifu. Baadhi ya watu hukohoa zaidi katika wiki za mwanzo baada ya kuacha, kwa sababu njia ya hewa huanza kujisafisha, na wengine hurudia sigara wakidhani kuwa kuacha ndiko kulikowaletea ugonjwa. Hata hivyo, mtu yeyote anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, hasa akitokwa jasho jingi usiku, kupungua uzito au kutoa makohozi yenye damu, anapaswa kwenda kupimwa kifua kikuu. Vipimo na dawa za ugonjwa huo hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na mchimbaji au mvuvi amweleze mhudumu kazi anayoifanya na miaka aliyovuta.