Kichwa Kila Asubuhi? Uliza Ukuta wa Chumbani

Saa 12 asubuhi, jogoo wa jirani hata hajamaliza kuwika, na kichwa chako tayari kinagonga kama ngoma. Pua imeziba, macho mazito, koo linawasha. Unameza Panadol mbili, unapanda bodaboda kwenda kazini, na ikifika saa 4 umesahau kama uliumwa. Jioni unarudi nyumbani uko fiti kabisa. Kesho asubuhi, mchezo ule ule.

Kwa walio kwenye ndoa changa, hapa ndipo maneno yanapoanza. Usiku mama anasema kichwa kinamuuma, baba anageukia ukutani akijua hizo ni sababu tu za kumkwepa. Wiki ya pili hawasemeshani vizuri. Wiki ya tatu shangazi anapiga simu, naye ana lake la kusema kuhusu jirani mwenye macho mabaya. Na muda wote huo, ule ukuta ambao baba kaugeukia una doa jeusi la ukungu saizi ya sinia. Hakuna anayeliangalia, wengine wameliziba na kabati.

Kama unaishi Musoma, lijue hili mapema: maji ni majirani zako. Mji umekaa kwenye rasi iliyochomoza ndani ya Ziwa Victoria, na mchana upepo wa ziwani unaingia ndani ya nyumba ukiwa umebeba unyevu. Ziwa lenyewe nalo halikai mahali pamoja. Wazee wanakumbuka mvua kubwa za 1961 na 1962 zilivyolipandisha mpaka likaweka rekodi mwaka 1964. Rekodi hiyo ilisimama zaidi ya nusu karne. Mei 2020 ziwa likaifikia na kuivuka kidogo. Maji yakipanda namna hiyo, hayapandi ufukweni peke yake. Hata maji yaliyo chini ya ardhi karibu na ziwa husogea juu, na nyumba iliyokuwa na sakafu kavu miaka 20 inaanza kulowa bila mwenyewe kuelewa kulikoni.

Bunda mambo ni tofauti kidogo. Kule kuna joto na vumbi, mtu anaweza kudhani hawajui unyevu ni nini. Lakini sehemu za chini kuelekea mbugani zina ule udongo mweusi unaoshika maji kama sponji, na nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa maana inakunywa maji kutoka chini msimu mzima wa masika. Butiama nako kuna vilima na mawe makubwa. Mvua ikipiga, maji yanateremka kwa kasi, na nyumba iliyokatwa kwenye mteremko inayapokea yote kwa mgongo. Usiku kukiwa na baridi, bati linatoa jasho kwa ndani mpaka alfajiri linadondosha matone.

Kichwa na ukuta, wapi na wapi?

Tusidanganyane. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na ukungu majumbani mwaka 2009, na yaliyothibitika zaidi humo ni ya kifua na pua: pumu kuzidi, kikohozi, kifua kupiga miluzi, mafua yasiyoisha. Ushahidi wa kichwa peke yake ni mwepesi zaidi. Ila njia ya kutoka ukutani mpaka kichwani inaeleweka. Ukungu hurusha hewani chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Magodoro na mito nayo ina vijidudu vya vumbi, vinavyostawi hewa ikiwa na unyevu mwingi. Mwenye aleji akivuta vitu hivyo usiku kucha, pua inavimba kwa ndani, mianya ya hewa iliyo nyuma ya paji la uso na mashavu inaziba, anaanza kupumua kwa mdomo na kulala vibaya. Usingizi mbovu peke yake unatosha kukuamsha na kichwa. Na kama una kipandauso, harufu kali ya uvundo inaweza kukichokoza.

Ndiyo maana mnaweza kulala kitanda kimoja, mmoja akaamka na kichwa na mwingine akaamka anaimba. Aleji haigawani sawa. Kwa hiyo baba, kama wewe huumwi, hiyo si hoja kwamba mwenzako anaigiza.

Namna ya kujua ni rahisi na haina gharama. Kwa wiki 2, andika kwenye simu: leo kimeuma au hakijauma, saa ngapi, umelala wapi. Kama umekwenda kuwaona wazazi Butiama ukalala siku 3 kichwa kimetulia, ukarudi Musoma kikaanza upya, una jambo la kufuatilia. Kama kinauma popote ulalapo, ukuta hauna kesi.

Hapohapo hesabu na vidonge. Mtu anayetumia dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi kadhaa mfululizo, anaweza kufika mahali ambapo dawa yenyewe ndiyo inayoleta kichwa. Zile za mchanganyiko, zenye kafeini ndani yake, kikomo chake ni kifupi zaidi, siku 10 tu. Wengi tunazinunua dukani kama pipi.

Na jamani, si kila kichwa ni cha ukuta. Kikija na homa, kapime malaria, Mara tunaijua. Pima presha, pima macho, hasa kama unashinda mbele ya kompyuta. Kichwa kilichokuja ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuiona, au chenye shingo kukakamaa, au upande mmoja wa mwili kulegea, hicho ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Mama mjamzito akiumwa kichwa kikali, akaona maruerue au akavimba uso, asisubiri kesho.

Hili la jiko msikilize wote wawili

Kuna watu wakiona chumba kina unyevu na baridi, wanaingiza jiko la mkaa, wanafunga madirisha, wanalala. Naomba niseme bila kuremba: hilo linaua. Mkaa unaoungua hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na dalili zake za kwanza ni hizo hizo tunazozungumzia hapa, yaani kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, halafu ukitoka nje unapata nafuu. Magazeti yetu yameandika mara nyingi habari za familia zilizokutwa asubuhi zimekufa na jiko liko katikati ya chumba. Kwa hiyo kabla hujamlaumu fangasi wa ukutani, jiulize jiko linalala wapi. Kama linalala ndani, anza na hilo leo usiku.

Gesi ni afadhali sana, na serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024 ikitaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Lakini wengi hawajui kwamba gesi ikiungua inatoa maji. Kilo 1 ya gesi ya kupikia hutoa takriban kilo 1 na nusu ya mvuke. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha, umemwaga hewani maji yanayokaribia nusu ndoo, bado mvuke wa maharage yenyewe. Mkipikia kwenye chumba mnacholala, na dirisha limefungwa, huo mvuke unatafuta pa kwenda. Unakwenda kwenye ukuta wenye ubaridi, nyuma ya kabati.

Ongeza na ninyi wenyewe. Watu wawili waliolala usiku mzima hutoa kwa pumzi na jasho kama nusu lita ya maji. Ongeza nguo zinazoanikwa ndani kwa sababu ya mvua. Ongeza bafu la ndani ambalo mlango wake unafungukia kitandani, fasheni ya nyumba za kisasa. Halafu weka madirisha ya aluminiamu yanayofunga kama chupa. Nyumba za zamani zilikuwa na matundu ya hewa juu ya kila dirisha, na paa la nyasi la bibi lilikuwa linapumua lenyewe. Siku hizi fundi anayaziba matundu ili chumba kionekane cha kishua.

Maji yanatoka wapi?

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Mtu anaona doa, anaita fundi maiko, anapigwa rangi ya mafuta inayong'aa, laki na kitu imekwenda. Miezi 3 baadaye rangi imeota malengelenge na inabanduka. Rangi ya mafuta inafungia maji ndani ya ukuta, na maji hayajawahi kukubali kufungwa.

Angalia kwanza. Unyevu unaopanda kutoka chini huishia kimo cha kama mita 1 hivi, na huacha mstari na unga mweupe kama chumvi. Unaotoka juu huanza kwenye dari au pembeni mwa dirisha, na huzidi mvua ikinyesha. Unaotoka kwenu wenyewe hukaa kwenye kona, nyuma ya kabati na chini ya kitanda, na rangi yake ni nyeusi.

Bado una wasiwasi? Chukua kipande cha foili ya jikoni (mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, usije ukaanza kuitafuta), kikaushe, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote 4, kiache siku 2. Matone yakiwa upande wa chumbani, maji ni ya hewa yenu. Yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ukutani. Kajaribio ka dakika 5, na kanaweza kuokoa kodi ya mwezi mzima.

Kama ni hewa yenu, dawa ni ya kwenu. Fungueni madirisha ya pande mbili kuanzia kama saa 4 asubuhi mpaka jioni, jua likiwa kali na hewa imekauka. Nyavu za mbu zibaki. Sogezeni kabati na kitanda viache nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Mkipika, dirisha wazi na sufuria ifunikwe. Nguo zianikwe barazani. Godoro litoke juani angalau mara moja kwa mwezi, na yeyote atakayekuona umebeba godoro asikutie aibu. Mwenye uwezo anunue kipima unyevu, ni kidude kidogo kama saa ya mezani, na ahakikishe hakivuki asilimia 60.

Doa lenyewe lisugueni kwa maji ya sabuni, mdomo na pua vimefunikwa, kisha ukuta ukaushwe vizuri. Anayetaka kutumia jiki ailainishe kwa maji na afungue madirisha, na kamwe asichanganye na dawa ya kusafishia choo, kwa sababu hapo unatengeneza gesi ya sumu bafuni kwako. Zulia au mto uliolowa na kunuka uvundo, utoe tu. Kitu chochote kilicholowa kikauke ndani ya siku 1 au 2, maana baada ya hapo ukungu unaanza kuota.

Ukuta ukikauka, pakeni chokaa. Ni rahisi, inaruhusu ukuta kupumua, na ukungu hauipendi.

Kama maji yanatoka nje, kazi inaanzia nje. Weka gata kwenye bati ili maji yasimwagike mguuni pa ukuta. Chimba mfereji upande wa juu wa mteremko, hasa ninyi wa Butiama. Ondoa rundo la udongo na mchanga lililoegemea ukuta. Zibeni nyufa. Unyevu wa kutoka chini ndio mgumu kuliko wote, kwa sababu dawa yake ilitakiwa iwekwe siku ya kujenga: ile nailoni ngumu inayotandazwa juu ya msingi na chini ya sakafu. Mnaojenga sasa hivi, simameni hapo siku hiyo kwa miguu yenu. Hicho ndicho kitu cha kwanza kurukwa fundi akitaka kubana bajeti, na kikishafunikwa hakuna atakayejua mpaka masika.

Na kama mmepanga?

Hapo kuna mzee mwenye nyumba. Ukimwendea umefura, utaambiwa wapangaji wako wengi. Nendeni wote wawili, jioni akiwa ametulia. "Shikamoo mzee. Tumekuja na shida yetu ndogo." Muonyesheni picha za ukuta kwenye simu, za mwezi huu na mwezi uliopita, na ile foili. Msianze na kichwa cha mama, anzeni na nyumba yake: ukuta unaoliwa na maji ni mali yake inayooza. Kisha pendekezeni: ninyi mnunue gata na kumlipa fundi, yeye akate kwenye kodi. Wengi hukubali, kwani kodi ya miezi 6 tayari iko mfukoni mwake na hapendi kuirudisha. Makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, na kila mmoja abaki na nakala.

Akikataa, anzeni kutafuta nyumba nyingine taratibu, na kaiangalieni Aprili, si Septemba. Septemba kila nyumba ya Musoma ni kavu. Nendeni siku moja baada ya mvua kubwa, mwambieni dalali afungue kabati la chumbani, ingizeni kichwa ndani mvute pumzi. Mwenye aleji ndiye atangulie.