Kumbukumbu za Wagonjwa Zinapokataa Kurejeshwa

Vituo vya afya vinavyotumia mfumo wa OpenMRS huhifadhi kumbukumbu za wagonjwa katika hifadhidata, aghalabu ya MySQL. Seva ikiharibika, tegemeo ni nakala rudufu. Nayo wakati mwingine hugoma katikati ya urejeshaji.

Hitilafu ikijitokeza, usiilazimishe programu kuiruka. Urejeshaji wa kulazimisha waweza kuacha jedwali la wagonjwa likiwa kamili, huku jedwali la mzio likiwa na mapengo. Daktari akiona nafasi tupu, atadhani mgonjwa hana mzio wa penisilini.

Rejesha kwanza kwenye hifadhidata tupu ya majaribio. Soma hitilafu ya kwanza, kwani zinazofuata mara nyingi ni matokeo yake. Kagua mambo matatu: Je, faili la nakala limekamilika, au lilikatika njiani? Je, toleo la MySQL linaafikiana na lile la awali? Je, diski ina nafasi ya kutosha?

Hatimaye, linganisha kumbukumbu kadhaa zilizorejeshwa na kadi za wagonjwa wenyewe. Nawe mgonjwa, itunze kadi yako, na utaje mzio wako kila uhudhuriapo kliniki, hata usipoulizwa.