Kutoa na Kutoza: Pauni 100,000,000 za Bara Hindi, 1917

Katika Kiswahili kitenzi kutoza kimetokana na kutoa. Atoaye hutenda kwa hiari yake. Atozaye humfanya mwingine atoe. Tofauti hiyo ya umbo yafaa kutuongoza katika kuchungua mali ambayo Bara Hindi, likiwa chini ya Uingereza, lililipa kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa sheria ya mwaka 1858, mapato ya Bara Hindi hayakuweza kutumiwa kwa vita nje ya mipaka yake, isipokuwa kwa kuzuia uvamizi au kwa dharura, pasipo idhini ya mabaraza yote mawili ya Bunge la London. Kwa hiyo idhini ilikuwa lazima, lakini haikuwa ya Wahindi kuitoa. Ilipotolewa mwaka 1914, Bara Hindi liliendelea kulipa gharama za kawaida za majeshi yake yaliyopelekwa ng'ambo, na Uingereza ikalipa zile zilizozidi. Miongoni mwa majeshi hayo walikuwamo askari walioshambulia Tanga Novemba 1914.

Mwaka 1917 serikali ya Bara Hindi iliahidi pauni 100,000,000 zaidi, nazo zikazoeleka kuitwa zawadi. Fedha hizo hazikuwa akiba iliyowekwa tayari. Sehemu yake ilikopwa kwa watu wa Bara Hindi. Kwa sehemu iliyosalia, Bara Hindi lilijitwika deni la vita la Uingereza. Ili riba ipatikane, ushuru wa nguo za pamba zilizotoka nje ulipandishwa kutoka asilimia 3.5 hadi 7.5. Wenye viwanda wa Lancashire walilalamika, na wajumbe wao wakasema Bungeni. Mnunuzi wa nguo hizo katika Bara Hindi hakuwa na mjumbe huko.

Basi mtoaji alikuwa nani? Katika Baraza la Kutunga Sheria la Gavana Mkuu walikuwamo Wahindi waliochaguliwa, lakini mageuzi ya mwaka 1909 yaliwaachia maofisa wa serikali wingi wa kura humo. Wala hatusemi kwamba nia njema haikuwako. Gandhi mwenyewe alizunguka wilaya ya Kheda mwaka 1918 akiwahimiza watu waingie jeshini. Lakini nia njema ya baadhi ya watu si idhini ya wote waliolipa.

Neno zawadi lina kazi yake katika hati za namna hii: humfanya mlipaji aonekane mtoaji, na mpokeaji aonekane mwenye kushukuru tu. Kwa hiyo mfasiri asiharakishe kuliandika. Na aulize kwanza kama aliyelipa angaliweza kukataa. Ikiwa hakuweza, Kiswahili kinalo neno la hali yake: alitozwa.