Santuri ya Carnegie Hall: Belafonte alipouimbisha ukumbi mzima

USIKU wa Aprili 19 na ule wa Aprili 20, 1959, mwimbaji Harry Belafonte alipanda jukwaa la ukumbi wa Carnegie Hall jijini New York, Marekani. Maonyesho hayo mawili yalizaa mojawapo ya santuri mashuhuri zaidi zilizopata kurekodiwa mbele ya watazamaji.

Yalilenga kuchangisha fedha za shule mbili: New Lincoln, iliyowafundisha watoto weusi na weupe pamoja, na Wiltwyck, iliyowalea wavulana waliokumbwa na matatizo. Wakati huo, katika majimbo ya kusini mwa nchi hiyo, ubaguzi wa rangi ulikuwa bado ukiwatenga watu shuleni na hotelini.

Belafonte, aliyezaliwa New York mwaka 1927 na kuishi miaka kadhaa ya utoto wake Jamaica, alikuwa tayari ametikisa soko kwa albamu yake ya mwaka 1956 iliyoitwa Calypso, ambayo iliuza nakala zaidi ya milioni moja.

Kalipso ni muziki wa kisiwa cha Trinidad, uliokuzwa na sherehe za kanivali, ambamo watunzi huwasema wakubwa kwa mafumbo na kejeli. Hata hivyo, nyingi ya nyimbo zilizompa Belafonte umaarufu zilitokana na ngoma na nyimbo za kazi za Jamaica, jambo lililozua ubishi kuhusu jina hilo. Wimbo wake maarufu wa Day-O, kwa mfano, ni wa vibarua waliopakia ndizi melini usiku kucha, wakingoja mikungu ihesabiwe warudi makwao.

Onyesho la Carnegie Hall liligawanywa katika sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya nyimbo za Wamarekani weusi, zikiwamo za wafungwa na wajenzi wa reli. Ya pili ilikuwa ya visiwa vya Karibi. Na ya tatu ilikusanya nyimbo za mataifa mengine, zikiwamo za Kihebrania na Kihispania.

Kilele kilikuwa wimbo wa Matilda, uliochukua zaidi ya dakika 10. Belafonte aliwaita watazamaji kundi kwa kundi waitikie, hata wanawake waliovuka umri wa miaka 40, nao wakacheka na kuimba.

Albamu nyingi za enzi hizo zilirekodiwa studio, ambako kosa hurudiwa hadi lisahihishwe. Ukumbini hakuna kurudia. Fundi wa kampuni ya RCA Victor, Robert Simpson, alinasa kwa mfumo wa stereo, uliokuwa bado mgeni madukani, si sauti ya mwimbaji na okestra pekee, bali pia vicheko na makofi. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Grammy, na wapenzi wa sauti safi wameendelea kuitumia santuri hiyo kupima ubora wa spika zao.

Belafonte hakuishia kwa shule za New York. Mwaka huohuo, yeye, Sidney Poitier na Jackie Robinson walitia saini barua ya kuomba michango ya kuwasafirisha wanafunzi wa Kenya kwenda kusoma Marekani, mpango uliohamasishwa na Tom Mboya. Septemba 1959, wanafunzi 81 waliwasili New York.

Belafonte alifariki dunia Aprili 25, 2023, akiwa na umri wa miaka 96. Katika santuri ile, watazamaji wa mwaka 1959 bado wanamwitikia.