Beto ya zamani ina kazi, lakini tuulize imetoka wapi

Bamama, nyumba ya zamani ikibomolewa mjini, vipande vya beto hubaki vimerundikwa kando ya avenyu, na mara nyingi mwenye lupango anafurahi tu kuona mtu akivibeba. Sisi tunaojenga kidogo kidogo kwa pesa ya likelemba, huko Katuba, Ruashi au Kampemba, tuviangalie vizuri kabla havijatupwa.

Beto haiozi. Ukiivunja ikawa na ukubwa wa ngumi, unapata kitanda kizuri cha kuweka chini ya sakafu, au cha kujaza mahali penye potopoto kati ya nyumba na choo masika yakifika. Ukiivunja ikawa ndogo kama kidole gumba, inaingia ndani ya beto mpya ya sakafu. Sima itanunuliwa vilevile. Tunachookoa ni gravye na pesa ya lori.

Hapo kuna jambo ambalo mafundi wengine wanalipuuza. Vipande hivyo bado vimebeba sima ya kale, na sima ya kale hunywa maji sana. Vikiingia vikavu, vinanyonya maji ya mchanganyiko, fundi anaongeza maji mengine, na sakafu inatoka dhaifu. Tuvimwagie maji siku moja kabla, vishibe. Tuvioshe udongo, tuondoe mbao na plasta, tena tusibadilishe gravye yote: theluthi moja inatosha. Nguzo, linto na dali ya gorofa, hapana kabisa. Huko tutumie gravye mpya.

Tusione haya kuokota. Kule Berlin, vita ilipokwisha mwaka 1945, wanawake wengi walifanya kazi ya kuondoa vifusi. Waligonga chokaa ya kale juu ya matofali, moja moja, na matofali hayo yakarudi ukutani.

Sasa jambo linalotunyima usingizi. Kiwanda cha Union Minière kilianza kuyeyusha shaba hapa mjini mwaka 1911, na bomba lake la moshi, lenye mita 153, tunaliona mpaka leo karibu na mlima mweusi wa terili. Kwa miaka mingi moshi huo uliangusha juu ya udongo vumbi la shaba, zinki, kadmiamu na plombi, zaidi kule upepo unakoelekea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameupima udongo huo na kuyakuta madini hayo.

Kwa hiyo mawe meusi ya terili na vifusi vya viwanda vya madini visiingie nyumbani, hata vikiwa vya bure. Plombi haina harufu. Inamfikia mtoto anayetambaa kupitia vumbi la sakafu na mikono anayoweka mdomoni, nayo inaharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Hata beto safi ina vumbi baya kwa mapafu. Tuilowanishe kabla ya nyundo, tufunge kitambaa puani, watoto wakae mbali. Vipande vyenye rangi ya zamani tuviache, maana rangi hiyo inaweza kuwa na plombi. Manjanja ya etaniti tusiyavunje hata kidogo.

Lori likifika, kabla ya kulipa tumuulize dereva: ni nyumba gani, avenyu gani? Akijibu tu “kule upande wa kiwanda”, ageuze lori arudi nayo.