Perege wa Pangani na vifaranga vya bwawani

Bwawa la samaki likifurika Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wakati wa masika, maji yake hayaishii shambani. Huingia kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji wa Wachaga, mfongo ukayamwaga katika mto Karanga au Weruweru, na mwisho yakafika mto Kikuletwa na bwawa la Nyumba ya Mungu. Vifaranga vya sato, samaki wa kigeni, nao wamo. Mwenye bwawa atasikitika siku mbili kisha atanunua wengine, ila kwa samaki wenyeji wa bonde hili balaa ndiyo kwanza linaanza.

Mwenyeji ninayemzungumzia ni perege wa Jipe, Oreochromis jipe kwa jina la kitaalamu, ambaye mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe alimweleza mwaka 1955. Nje ya bonde la Pangani hana kwao. Ndugu yake, Oreochromis hunteri, ana makao finyu zaidi: Ziwa Chala tu, lile shimo la volkeno la kilomita za mraba zipatazo 4 kwenye mpaka wa Rombo na Taveta. Huyo wa Chala ndiye aliyefungua jenasi nzima ya Oreochromis mwaka 1889, kwa hiyo sato wanaofugwa leo kuanzia Mwanza hadi China wanatumia jina la ukoo lililotolewa kwanza kwa samaki wa Kilimanjaro. Wote wawili wamo katika orodha ya IUCN ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Lawama zote za kupungua kwao huangukia kokoro, wavu unaokokotwa, na kwa kweli linastahili. Dume la perege huchimba kiota kwenye maji mafupi, jike likataga humo, kisha likayachukua mayai na kuyaatamia mdomoni. Jike la namna hiyo likivutwa na kokoro utaliona kidevu kimetuna; ukilishika, linatema vitoto vidogo mno, vingine bado vina kiini cha njano tumboni. Mvuto mmoja unabomoa viota na kumaliza kizazi. Karibu na mwaka 1970 Nyumba ya Mungu, bwawa changa wakati huo, lilitoa zaidi ya tani 20,000 za samaki kwa mwaka. Mavuno yakaporomoka muda si mrefu, na Serikali imewahi kupiga marufuku uvuvi humo ili samaki wapumzike.

Marufuku hiyo inasaidia, sikatai. Lakini sato naye anapumzika, tena anazaliana.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Sato, yaani Oreochromis niloticus, ni wa jenasi moja na perege wetu. Anaweza kumnyang'anya mahali pa kutagia, na pia anaweza kuzaa naye. Chotara akizaa tena na perege, vinasaba vya kigeni vinasambaa kidogo kidogo hadi siku moja perege halisi hayupo, ingawa ziwa limejaa samaki. Wafugaji wa Norwei wanalijua hilo: salmoni wanaotoroka vizimba vyao wamechanganyika na salmoni wa mitoni. Kwetu, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 uliwakuta machotara katika bonde la Pangani, ila bado ni wachache. Muda wa kufanya jambo upo.

Muuzaji wa vifaranga atakwambia wake ni madume watupu, wamelishwa homoni, hawazai. Dawa hiyo haifanyi kazi kwa asilimia mia, na majike machache yanatosha. Tena dume la sato likifika mtoni halihitaji jike la sato.

Sisemi watu waache kufuga. Familia yenye robo eka ya migomba inahitaji kitoweo na ada ya shule. Nasema tubadilishe mbegu. Malawi ilikataa sato wa kigeni, wafugaji wake wakaendelea na makumba na samaki wengine wa kwao. Kweli wanakua taratibu zaidi, na hilo ndilo wafugaji hulalamikia. Kazi ya kuchagua na kuboresha perege wa Jipe kwa ufugaji ingewafaa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, na mimi ningeiweka mbele ya kugawa vifaranga vya bure.

Mwenye sato tayari aangalie mambo mawili. Tuta liwe juu kuliko maji ya masika, na bomba la kutolea maji lifungwe wavu wenye matundu madogo kuliko kifaranga, usafishwe mara kwa mara maana majani huuziba. Mkaguzi naye asiishie kuuliza maji yanatoka mfongo upi. Aulize pia yanarudi wapi. Na amtazame samaki mkiani: mistari ya wima iliyopangana kwenye pezi la mkia ni alama ya sato.

Chala haina mto unaoingia wala unaotoka, kwa hiyo wavu wa bombani hausaidii kitu. Hata hivyo humo sasa wapo perege wa Korogwe, waliopandikizwa na watu. Pale kinachohitajika ni Rombo na Taveta wakubaliane kwamba hakuna samaki mwingine atakayetiwa ziwani, hata akitoka bonde hili hili la Pangani.